Sikio la Kushoto la Onesmus

Watu wa Rukanga walimjua Onesmus kwa jambo moja: hakupenda kuzima mashine. Ungepeleka mahindi yako kwenye kisiagi jioni, wateja wote wamekwisha kwenda zao, ungekuta injini ya dizeli bado inanguruma, mkanda unazunguka bila kazi, na yeye ameketi juu ya gunia, macho kayafumba, kope zimejaa unga. Mwenye kisiagi alimgombeza mara nyingi kwa kuchoma mafuta ya bure. Onesmus aliitikia, "Ndiyo mzee, nimesikia," na kesho yake ikawa vile vile. Kuna waliosema ni uzembe. Kuna waliosema mtu aliyefukuliwa ardhini akiwa hai hawezi kuwa sawa tena, aachwe tu.

Hao wa pili walikuwa karibu na ukweli. Mashine ikizimwa, Onesmus alisikia mtu akigonga.

Aligonga ndani ya sikio la kushoto. Ko. Ko-ko. Kisha kimya, kimya kirefu cha kumfanya mtu aanze kutumaini, halafu tena: ko, ko-ko. Sauti yenyewe ilikuwa kavu, kama chuma juu ya mwamba. Na Onesmus alikijua hicho chuma, na alimjua aliyekishika.

Alizaliwa pale pale chini ya mlima Kasigau, upande ambao ukungu hushuka alfajiri hadi kwenye mashamba ya mbaazi, kisha jua huurudisha juu. Shamba lao lilipakana na la kina Zephaniah, na wavulana hao wawili hawakuujua mpaka. Walichunga mbuzi pamoja, wakafukuza tembo kwa kupiga madebe pamoja, wakaanguka mtihani pamoja. Zephaniah alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Mkamburi, mcheshi, mwenye mikono mipana, asiyeweza kupita karibu ya kitu bila kukipiga ngoma: meza, ndoo, hata mgongo wa rafiki yake. Mvua zilipowagomea, walifanya kama vijana wengi wa pande zile. Wakabeba sururu na mtalimbo, wakaingia nyikani kutafuta mawe ya kijani yenye thamani.

Mahali penyewe palikuwa mbali, katikati ya miiba, ambako njia ni nyayo za ng'ombe na tembo. Wachimbaji walitoka kila upande, Wadawida, Wakamba, Wataveta, hata watu wa ng'ambo ya mpaka wa Holili. Hakuna aliyekuwa na kibali, na kwa hiyo hakuna aliyemwuliza mwenzake ukoo wake. Aliyeongoza shimo lao alikuwa Mtaveta aitwaye Kituku, mtu mfupi wa sauti ya upole.

Siku shimo lilipoanguka, Zephaniah alikuwa mbele kabisa, mwisho wa handaki, na Onesmus nyuma yake akijaza ndoo. Hapakuwa na kishindo. Onesmus alihisi mchanga ukimwagika shingoni, akadhani rafiki yake anamtania. Akageuka amtukane. Jiwe likampiga upande wa kushoto wa kichwa, juu ya sikio, na dunia ikazimika.

Alipozinduka alikuwa nje, juani, damu imemgandia shingoni, na watu wanakimbia huku na huku. Hakungoja kuambiwa. Alijitupa tena shimoni, akatambaa mpaka pale handaki lilipozibika, akalaza sikio lake la kushoto kwenye kifusi. Hapo ndipo alipomsikia. Ko. Ko-ko. Mtu alikuwa anagonga mwamba kwa mtalimbo, upande wa pili.

"Yuko hai!" akapiga ukelele. "Chimbeni! Yuko hai!"

Wakachimba kwa zamu mpaka mikono ikachubuka. Kulipokucha wakaendelea. Kila walipopumzika, Onesmus alilaza sikio na kusema bado anagonga. Mchana, dari ikaanza kudondosha vipande, mtu mmoja akavunjika mguu. Kituku akatambaa hadi mbele, akaweka sikio lake pale pale, akakaa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa.

"Mimi simsikii."

"Mimi namsikia!"

"Onesmus, toka humu."

Walimkokota nje kwa nguvu, na kabla vumbi la miguu yao halijatua, handaki lote likaporomoka. Habari zikaja kwamba askari wako njiani. Kambi ikatawanyika kama vifaranga vilivyoona mwewe, na katika watu wale wote Onesmus hakuonana tena na hata mmoja kwa miaka mingi. Mama Mkamburi alipofika, na mumewe na mchungaji, walimkuta kijana ameketi peke yake juu ya kifusi, akirudia neno moja: anagonga, anagonga. Baadaye walikuja watu wa serikali, wakaangalia, wakasema pale hapachimbiki. Zephaniah akaachwa huko chini.

Onesmus alirudi nyumbani, na mgongaji akarudi naye.

Mwanzoni alidhani ni mwangwi, kwamba utaisha kama maumivu ya kichwa yalivyoisha. Haukuisha. Katika duka la dawa mjini Voi walimpa matone ya kulainisha nta. Mzee mmoja alimtilia mafuta ya moto yaliyochemshwa na mizizi, ngozi ikababuka. Mchungaji aliweka mkono juu ya kichwa chake akaomba mpaka akatokwa na jasho, na katikati ya maombi Onesmus alisikia kama vile huko ndani mtu anaitikia. Kazi ya kisiagi ilipopatikana, hakuuliza mshahara. Aliomba tu kuanza siku ile ile.

Alimwoa Jemimah, msichana wa kijiji cha pili, mwenye kusema kweli hata pale uongo ungefaa zaidi. Kabla ya harusi alimweleza kila kitu. Jemimah akafikiri, akasema, "Basi naolewa na watu wawili. Lakini nitapika chakula cha mmoja." Wakacheka. Alvin alizaliwa, maisha yakaendelea. Jambo moja tu Onesmus hakuliruhusu: mtu kumgusa upande ule wa kichwa. Hata usingizi wake ulikuwa wa kulalia sikio hilo, amelikandamiza kwenye mto wa kulalia kana kwamba anamziba mtu mdomo.

Ndiyo maana miaka ilipita kabla ya mtu mwingine kusikia.

Mumewe Mama Mkamburi alipofariki, kijiji kizima kilikwenda kuzika. Mama huyo alikuwa mrefu, mkavu kama mti wa nyikani, na hakuwa na desturi ya kulia mbele za watu. Kwa Zephaniah alikuwa amekataa katakata kufanya matanga. "Nimfanyie nani?" alikuwa akiuliza. "Mmemwona nyinyi? Mimi sikumwona." Siku hiyo, Onesmus alipoinama kumpa pole, mama alimvuta kifuani, akamshika kichwa kwa mikono miwili, na sikio la kushoto likaja likaegemea sikio la yule mwanamke.

Akatulia ghafla. Onesmus alihisi vidole vikikaza kisogoni.

"Onesmo," mama akanong'ona. "Nani huyo anagonga?"

Siku zote Onesmus alikuwa amejifariji kwa wazo moja, kwamba pengine ni wazimu. Wazimu ni wa mtu mmoja. Sasa walikuwa wawili.

"Unasikia, mama?"

"Nasikia. Ni mkono wake. Mimi ndiye niliyemzaa, nitaukosaje mkono wake?"

Tangu hapo alikuja kila Jumapili baada ya kanisa, na kitambaa chake cheupe kichwani. Onesmus alikaa kwenye kigoda, mama akasimama nyuma yake, akainama, akaegemeza sikio juu ya sikio kama mtu asikilizaye mlangoni. Kuna siku mgongaji alianza mara moja. Kuna siku alinyamaza, na mama alingoja, mgongo umepinda, bila kulalamika, mpaka Jemimah aliyekuwa jikoni akashindwa kuvumilia kimya kile akatoka kwenda kuwatupia kuku punje wasizozihitaji. Mama akisha kusikia, alimpapasa Onesmus begani, akasema "Asante, mwanangu," akaenda zake. Hakusema anayemshukuru ni yupi.

"Baba Alvin," Jemimah alimwambia siku moja, "mimi namhurumia yule mama. Lakini wewe unakwisha."

Kweli alikuwa anakwisha. Tangu mama aanze kuja, mgongaji aliongeza bidii. Zamani alikuwa akipumzika, sasa hakupumzika. Onesmus hakulala. Alimfokea Alvin kwa kudondosha kijiko. Alipungua mpaka mkanda wa suruali ukaongezwa tundu. Mchana mmoja usingizi ulimchukua akiwa amesimama, mkono ukaangukia kwenye mkanda wa mashine, na mkono wa shati ukaliwa hadi begani. Mteja mmoja, Teresia, ndiye aliyeruka akazima injini. Shati lilichanika. Mkono ulisalimika.

Jemimah hakupiga kelele. Alilichukua lile shati, akalitundika msumarini mahali ambapo kila aingiaye angeliona, na kesho yake akaenda kwa jirani mwenye dada anayefanya kazi hospitalini Voi. Akarudi na jibu: kuna daktari wa masikio anakuja pale mara kwa mara, ana kamera ndogo inayoingia ndani ya sikio.

Asubuhi ya safari walimkuta Mama Mkamburi kando ya barabara, amevaa nguo za kanisani, kikapu mkononi.

"Nami naenda," alisema.

Hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Daktari Elsie alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Wundanyi, mnene kidogo, mwenye miwani aliyoisukuma kwa kidole kila alipofikiri. Alisikiliza habari yote bila kuandika chochote. Kisha akachukua mpira mwembamba, ncha moja akaitia sikioni mwake, ya pili akaitia sikioni mwa Onesmus. Akakaa. Nyusi zake zikapanda.

"Nasikia," alisema.

Onesmus akaanza kulia. Hakuwa amepanga kulia. Ni kwamba neno lile lilitoka kwa mtu asiyemjua Zephaniah, asiyekuwa na sababu yoyote ya kutaka kusikia.

Kamera yenyewe ilikuwa kijiti cha chuma, chembamba kuliko kalamu, nchani kina jicho la kioo na taa. Daktari alimlaza ubavu, akageuza skrini ili wote waone. "Usitikisike, baba. Utasikia ubaridi tu."

Kwenye skrini pakatokea shimo.

Lilikuwa na kuta nyekundunyekundu zinazong'aa, na nywele chache mlangoni kama mizizi iliyokatwa. Mwanga ukaingia, ukaendelea kuingia, kuta zikipinda, na Onesmus akahisi mchanga shingoni. Alitaka kuinuka. Jemimah akamshika mkono, akaubana. "Ni sikio tu," alimwambia. "Ni la kwako. Tazama." Mwanga ukafika mwisho. Mwisho wa handaki palikuwa na ukuta mwembamba, wa kijivu, unaopitisha nuru, kama ule utando wa ndani ya ganda la yai.

Kisha sikioni, ko. Na ukuta ukaruka.

Ko-ko. Ukaruka mara mbili.

Mama Mkamburi alikuwa amesimama. Alisogea mpaka uso wake ukakaribia kugusa kioo, akanyoosha kidole, akakirudisha.

"Daktari," alisema, "huyo aliye nyuma ya ukuta ni nani?"

Daktari Elsie alimgeukia. Akaacha Kiswahili, akamjibu kwa Kidawida, lugha ya kwao, taratibu, kama anavyozungumza mtu na mama yake mwenyewe. Alisema ule ukuta ni kiwambo cha sikio, kila mtu anacho. Nyuma yake kuna chumba kidogo sana, na ndani yake vifupa vitatu vinavyoshikana. Cha kwanza kinaitwa nyundo.

"Nyundo?" mama akauliza.

"Kwa umbo lake tu, mama. Nyundo hiyo imeshikwa na msuli, na kuna msuli mwingine mdogo zaidi ndani huko. Misuli hii imeshtuka, haijui kutulia. Kama ukope unavyochezacheza usipolala. Msuli ukivuta, kiwambo kinaruka, na ndiyo sauti unayoisikia. Si mtu."

Mama alikuwa bado anatazama kioo.

"Tangu lini?"

"Sikukuelewa, mama."

"Misuli hiyo ilishtuka lini? Siku ile? Au baadaye?"

Daktari alisukuma miwani. "Kamera inanionyesha kilichopo leo. Haiwezi kuniambia kilichokuwa siku ile. Lakini mtu akipigwa kichwani, au akipata hofu kubwa, inaweza kuanza papo hapo."

"Papo hapo."

"Inawezekana. Sisemi ndivyo ilivyokuwa."

Mama Mkamburi akachukua kikapu chake akatoka nje. Daktari aliendelea kueleza kwamba dawa zinaweza kujaribiwa, na zisipofaa kuna upasuaji mdogo: kuinua ukingo wa kiwambo, kuipitisha kamera nyuma yake, na kuikata ile misuli. Onesmus hakusikia sana. Walimkuta mama kwenye benchi la nje, chini ya tangazo la chanjo, mikono mapajani.

"Mwanangu hana kaburi," alimwambia Onesmus bila kumtazama. "Kaburi lake lilikuwa sikio lako. Sasa mnataka kulifukia."

Jemimah alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaufunga bila kusema kitu.

Dawa hazikufaa. Zilimpa Onesmus usingizi wa mchana na kinywa kikavu, na mgongaji akaendelea na kazi yake. Mama Mkamburi hakuja Jumapili, wala Jumapili iliyofuata. Akikutana nao kanisani aliitikia salamu na kupita. Onesmus alijaribu kuukubali ule msuli. Alijiambia, ni nyama, nimeiona kwa macho yangu. Lakini aliyekuwa anagonga hakujua kwamba yeye ni nyama. Aligonga vile vile, kwa subira ile ile, kama mtu anayeamini kwamba walio nje wako njiani.

Siku ya upasuaji ikapangwa. Jioni ya kuamkia safari, mama akatokea uani. Jemimah alimkaribisha chai, akaikataa. Akamwonyesha Onesmus kigoda.

"Kaa, mwanangu."

Akakaa. Mama akasimama nyuma yake, akainama kama zamani, akaegemeza sikio. Mgongaji alikuwapo. Alisikiliza mpaka kuku wakapanda kulala. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akageuza uso, akaweka midomo kwenye sikio lile, na akasema.

Alisema kwa Kidawida, na hakuwa anasema na Onesmus.

"Zephaniah. Ni mimi. Baba yako alitutoka, pengine mko pamoja, sijui. Yule ng'ombe mweupe nilimwuza. Paa la jikoni bado linavuja pale pale, nakumbuka uliahidi. Nilichelewa kuja siku ile. Walinileta kwa miguu, nikafika kumekwisha. Usidhani sikutaka. Umegonga sana, mwanangu, nami nimekusikia. Wote tumekusikia. Sasa mkono utakuwa umechoka. Uweke chini. Uweke chini, ulale."

Onesmus alikuwa ameganda, mikono magotini. Kila neno lilipita ndani yake kwenda kwa mwenye nalo. Pumzi ya mama ilikuwa ya moto sikioni. Hakujua kama anapaswa kuitikia. Huko ndani, ko-ko. Kisha kimya. Kisha ko.

Mama akajinyoosha kwa taabu, akashika kiuno. "Nendeni salama kesho," alimwambia Jemimah, akaondoka.

Upasuaji ulifanyika Onesmus akiwa macho, upande wa uso umekufa ganzi. Aliomba aone skrini, nao wakamsogezea. Aliona ukingo wa kiwambo ukiinuliwa kama jani la kitabu, na jicho la kamera likachungulia nyuma ya ukuta ule aliouogopa miaka yote. Pale palikuwa na chumba. Kilikuwa kitupu na safi, chenye unyevu kidogo, na vifupa vyeupe vimekaa kama vimewekwa na mkono wa mtu.

"Kile kitobo chenye kivuli ni dirisha," Daktari Elsie alisema kwa sauti ndogo. "Ng'ambo yake ndiko sikio la ndani, limejipinda kama konokono, limejaa maji. Huko kamera yangu haifiki. Na huu hapa ndio msuli wako wa kwanza. Unauona unavyoruka?"

Onesmus aliuona. Uzi mweupe, mfupi. Ulishtuka, na sauti ikaja. Ulishtuka tena.

"Niendelee?"

Onesmus alifumba macho hata nesi akamtazama daktari. Alikuwa akisikiliza. Kisha akasema, "Endelea."

Mkasi ulikuwa mdogo kuliko ukucha. Ulifunga kwenye uzi wa kwanza, na ule wa pili. Nyuzi zikajikunja pembeni. Wakangoja. Onesmus alisikia feni. Alisikia nesi akimeza mate. Alisikia, mahali fulani nje ya hospitali, mtu akiwaita watu wapande gari la kwenda Mwatate.

Hakusikia kingine.

Kidonda kilipopona alirudi kisiagini, na mteja wa mwisho alipojitwika debe lake, akazima injini. Mwenye mashine alikuja mbio akidhani imeharibika. Nyumbani, Alvin alijifunza upya kudondosha vitu bila woga. Jemimah alilishusha lile shati, akalifanya tambara la kufutia masufuria.

Na Mama Mkamburi akatangaza matanga ya mwanawe. Watu walikuja mpaka kutoka Mwatate na Sagalla. Hapakuwa na maiti, ila picha moja ya shule imewekwa juu ya meza yenye kitambaa, na msalaba kando ya kaburi la baba yake. Mama alisimama akawaambia watu kwamba daktari ameangalia kwa kamera, na kwamba ile sauti aliyoisikia Onesmus ilitoka sikioni mwake mwenyewe tangu saa ile aliyopigwa na jiwe.

"Mwanangu aliondoka papo hapo," alisema. "Hakungoja gizani. Hakuniita nikakosa kuitika." Na hapo akalia mbele za watu wote, kwa sauti, na wanawake wakamzunguka.

Daktari hakuwa amesema hivyo. Alikuwa amesema inawezekana. Onesmus alilijua hilo, na alimtazama Jemimah, na Jemimah akatazama chini.

Kimya kile alichokitamani miaka yote kilianza kumletea mambo. Alikumbuka vitu alivyokuwa amevisahau: harufu ya mafuta ya taa handakini, wimbo uliokuwa kinywani mwa Zephaniah. Alikumbuka watu wengine wakiwa wamelala kifudifudi kwenye kifusi pamoja naye, vichwa vimegusana. Walikuwa wanafanya nini? Alitaka kuwa na uhakika kama alionao mama. Aliposikia kutoka kwa dereva wa lori la ndizi kwamba kuna mtu mfupi aitwaye Kituku mwenye shamba karibu na Taveta, alimwambia Jemimah anakwenda kutafuta spea ya mashine.

Aliteremka Taveta akakodi bodaboda, wakarudi nyuma kuelekea Salaita, kisha wakakata kushoto kufuata mfereji wa maji. Kituku alikuwa ndani ya migomba, ameota mvi, panga mkononi. Alimtambua mara moja. Walikumbatiana, wakakaa juu ya majani makavu, na Onesmus akamweleza habari za sikio, kamera, na ule uzi mweupe.

"Kwa hiyo ilikuwa ni mimi tu," alimaliza. "Tangu mwanzo. Ni sikio langu."

Kituku aliwasha sigara, akaiacha iungue.

"Onesmus," alisema, "ulikuwa umepigwa jiwe la kichwa. Unaongea maneno yasiyopangika. Unafikiri tungechimba usiku kucha chini ya dari ile kwa neno lako?"

Kituku akakung'uta majivu.

"Sote tulisikia. Mimi, wale Wakamba wawili, kila mtu. Usiku wote aligonga, anapumzika, anagonga. Kulipokucha akawa anagonga mara moja moja. Mchana akanyamaza. Wewe ndiye uliyebaki ukisema unamsikia." Alimtazama usoni, akaona kitu, akaongeza kwa upole, "Nilidhani wajua."

Maji yalipita mfereji. Mtu mmoja ng'ambo alikuwa anamwita mbwa. Kituku akainuka, akaenda akakata mkungu mmoja mnene ulioanza kuivia mgombani, akaufunga kwa majani yake, akamwambia huo ni wa watoto.

Onesmus alifika Rukanga kesho yake, jua limeinama. Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Mkamburi na mkungu begani. Alimkuta barazani, anaambua mbaazi, amevaa kanga mpya.

"Watoka wapi na mzigo huo, mwanangu?"

"Taveta, mama."

"Kuna nini Taveta?"

Onesmus alitua mkungu sakafuni. Akachelewa kuinuka, akijifanya anafungua majani. Mama alikuwa amenenepa kidogo usoni. Kwenye paa la jikoni, fundi alikuwa amebadilisha mabati mawili, yaking'aa.

"Nilikwenda kumwona rafiki wa zamani," alisema. "Ndiye aliyenipa ndizi."

"Mzima?"

"Mzima."

Mama akachuma moja, akaimenya, akala taratibu, akitazama mlima. "Tamu," alisema. "Unajua, siku hizi nalala. Nikiweka kichwa, sijui kitu mpaka asubuhi."

"Ni vizuri, mama."

Onesmus akavuta kigoda, akaketi kando yake, akachota konzi ya mbaazi, akaanza kuambua.